Tai Chi ya Uani: Mwongozo Kamili wa Kuanza Polepole na Kuendelea Hadi Uzeeni

Mama yangu aliteleza asubuhi moja ya Aprili huko Tukuyu, kwenye njia ya kwenda mgombani, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Njia ile alikuwa ameipita zaidi ya miaka 40. Hakuwa na mzigo wala haraka. Alitanguliza mguu kama siku zote, uzito wote ukaufuata kabla mguu haujajua kama ardhi inashika, na nyonga ikavunjika. Aliuguzwa, akapona kiasi cha kutembea kwa fimbo, lakini mgombani hakurudi tena.

Wakati huo nilikuwa na miaka 52, mwalimu wa sekondari jijini Mbeya, na magoti yangu yalikwisha anza kulalamika kwenye ngazi. Nikaanza kutafuta zoezi la kufundisha miguu, si la kupunguza tumbo, nikaangukia tai chi, ambayo mpaka hapo niliijua kama mambo ya wazee wa Kichina kwenye mikanda ya video. Sasa nimestaafu, na asubuhi nyingi utanikuta uani, mlima Loleza ukiwa mbele yangu, nikisogea taratibu kiasi kwamba kuku hawashtuki. Vijana wa bodaboda pale kona walinifanyia mizaha mwaka mzima.

"Shikamoo mwalimu. Leo tena unaogelea nchi kavu?"

"Marahaba wanangu. Leo nafika ng'ambo."

Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu aliye kama nilivyokuwa: hana mwalimu karibu, hana ukumbi, ana uwanja mdogo uliofagiwa na dakika ishirini. Jambo moja ulishike kabla ya yote. Anayetazama tai chi huitazama mikono, na kazi yenyewe iko miguuni. Mikono unaweza kuikosea miezi sita bila kudhurika. Ukiikosea miguu, utaumiza magoti na faida hutaiona.

Ni kitu gani hasa

Jina kamili ni taijiquan. Taiji ni wazo la kale la Kichina la chanzo kimoja kinachogawanyika pande mbili, yin na yang. Quan ni ngumi. Kwa hiyo ni aina ya mapigano, ingawa ukiitazama huamini. Hiyo "chi" ya kwenye jina, kinyume na wanavyodhani wengi, si ile "chi" nyingine ya Kichina yenye maana ya pumzi au nguvu ya mwili. Ni maneno mawili tofauti ambayo yanafanana tu yakifika kwetu.

Mizizi yake inayojulikana vizuri iko katika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, ambako ukoo wa Chen ulikuwa ukiifanya tangu karne ya 17. Yang Luchan, aliyezaliwa 1799, alijifunza kijijini hapo kisha akaipeleka Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu, ndiye aliyeeneza ule mtindo wa mwendo mmoja, mpana na wa polepole, ambao leo watu wengi duniani wakisema tai chi ndio wanaoufikiria. Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya China ilitoa mfululizo mfupi wa miondoko 24 uliotokana na mtindo huo wa Yang, ili mtu wa kawaida aweze kujifunza bila kuwa mwanafunzi wa ukoo fulani. Ukiufanya wote unachukua kama dakika tano au sita. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza taijiquan katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Hapa kwetu, penye makanisa kila mtaa, swali litakuja: hayo si mambo ya mizimu? Mimi niliulizwa na mama mmoja wa kwaya, kwa upole kabisa. Nikamwambia aje asimame nami dakika kumi, akiona kuna ubani au maombi aondoke. Alichoona ni mapaja yake yakitetemeka. Falsafa ya Kichina ipo nyuma ya majina ya miondoko, na anayetaka kuisoma aisome, lakini goti linapata nafuu bila kuulizwa linaamini nini.

Inafaidisha nini, na wapi haifiki

Ukitembea kwa kasi, mwendo wenyewe unakubeba: mguu mmoja unaanguka mbele na mwingine unaudaka. Ukipunguza kasi mpaka hatua moja ichukue sekunde sita au nane, mwendo haukubebi tena. Misuli ya paja, nyonga na kifundo cha mguu ndiyo inayobeba, na akili inalazimika kujua muda wote uzito uko wapi. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Ndiyo maana faida inayoonekana kwa uhakika zaidi ni kutoanguka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko Atlanta, Marekani, wazee 200 wa miaka 70 na kuendelea walifuatiliwa katika utafiti uliotolewa mwaka 1996. Wale waliofundishwa tai chi kwa wiki 15 walipunguza hatari ya kuangukaanguka kwa karibu nusu. Mwaka 2012, utafiti wa Oregon wa watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, ulionyesha kwamba saa moja mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 iliwapa usawa bora wa mwili kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo au ya kuongeza nguvu.

Kwa magoti yanayosagika, ambayo ndiyo maradhi ya nusu ya wanawake wa rika langu huku kwenye milima, kuna utafiti wa Boston wa mwaka 2016. Watu 204 waligawanywa: wengine wakapewa mazoezi tiba ya hospitalini, wengine tai chi. Baada ya wiki 12 maumivu yalipungua kwa kiasi kinacholingana pande zote mbili, na wa tai chi wakawa na nafuu zaidi upande wa huzuni na ubora wa maisha. Chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kinaipendekeza kwa nguvu kwa goti na nyonga.

Presha nayo husogea. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Beijing wa watu 342 ambao presha yao ilikuwa juu kidogo lakini haijafika ugonjwa. Baada ya mwaka mmoja, namba ya juu ilishuka kwa takriban 7 kwa waliofanya tai chi, na takriban 4.6 kwa waliofanya mazoezi ya kutoa jasho kama kutembea haraka na kupanda ngazi. Si tofauti ya kukufanya utupe vidonge. Nasema hivyo makusudi kwa sababu jirani yangu mmoja alivitupa, na mwezi uliofuata tulikuwa tunamsindikiza hospitali akiwa na kizunguzungu.

Ambapo haifiki: haiponyi kisukari, hainyooshi goti ambalo limekwisha pinda, wala haikupi nguvu za kunyanyua gunia la viazi. Kijana wa miaka 25 anayelima milima ya Uporoto hahitaji tai chi kwa ajili ya mapaja. Huyo nitamwambia aifanye kwa ajili ya mgongo na usingizi, na kwa sababu kinachojifunzwa mapema hakipotei. Mwili wa miaka 70 unakumbuka ulichozoea ukiwa na 30.

Kabla ya siku ya kwanza

Kapime presha. Huduma hiyo ipo hata kwenye zahanati, na usianze zoezi lolote hujui namba zako. Ukiwa na maumivu ya kifua, umefanyiwa upasuaji karibuni, una mimba yenye matatizo, au una ngiri, muone daktari kwanza. Mwenye kisukari asifanye tumbo likiwa tupu kabisa, awe na kitu kitamu mfukoni, na asifanye peku, kwa sababu ganzi ya nyayo humficha kidonda.

Viatu: raba za soli bapa na nyembamba. Kandambili zinavuka, na raba nene za kukimbilia zinakuinua mbali na ardhi unayotaka kuisikia. Nguo yoyote isiyobana paja. Mimi navaa suruali ya michezo, na kitenge juu yake nikiwa na wageni.

Mahali ni jambo zito zaidi huku kwetu kuliko vitabu vinavyosema. Majani yenye umande yanateleza. Baraza la saruji lililolowa linateleza kuliko majani. Kilicho bora ni uwanja wa udongo uliofagiwa na kukauka, usio na mteremko. Masika yakianza, au kama uko Tukuyu ambako mvua haijui kwao, ingia sebuleni. Nafasi ya mita mbili kwa mbili kati ya kochi na meza inatosha kwa karibu kila kitu nitakachoeleza.

Baridi nayo ina adabu zake. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai alfajiri si wakati wa kukunja goti. Njombe na Makete, ambako umande huganda majanini, msijaribu. Subirini jua lipande, kunyweni uji, zungukeni nyumba mara mbili mkivaa sweta. Vueni sweta mwili ukishapata joto, na mlivae tena mara tu mnapomaliza. Saa tatu asubuhi inafaa sawasawa na saa kumi na mbili.

Hatua ya kwanza: kusimama

Wiki mbili za mwanzo usijifunze mwondoko wowote. Najua inachosha. Mimi niliruka hatua hii, na nikarudi kuianza upya baada ya miezi minne.

Simama miguu ikiwa sawa na upana wa mabega, vidole vikitazama mbele. Legeza magoti yasikaze, kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda halafu akasita. Kitako kianguke chini chenyewe, usikibinue nyuma. Sasa shingo. Wachina husema ufikirie uzi unaokuvuta utosini. Sisi tuna picha nzuri zaidi: fikiria una ndoo ya maji kichwani, imejaa, bila kata. Kidevu kinaingia kidogo, shingo inarefuka, macho yanatazama mbali, mabega yanashuka yenyewe. Mwanamke aliyekulia kijijini hahitaji somo la pili hapo.

Inua mikono mpaka usawa wa kifua, viwiko vikiwa chini kuliko viganja, kama unakumbatia boga kubwa usilotaka lipasuke. Pumua kwa pua, tumbo likitanuka na kurudi. Usiihesabu pumzi na usiizuie. Dakika moja siku ya kwanza, ongeza hadi tano kufikia mwisho wa wiki ya pili. Paja likitetemeka ni kawaida. Goti likichoma, umeshuka mno, panda.

Hatua ya pili: kuhamisha uzito

Hapa ndipo penye tai chi yote, kwa hiyo nitakaa.

Ukiwa umesimama vile vile, shusha mikono. Peleka mwili wote kwenye mguu wa kulia, polepole, kama unavyomimina maji kutoka ndoo moja kwenda nyingine bila kumwaga. Usiinamishe kiwiliwili, nyonga ndiyo inayosafiri, ndoo ya kichwani inabaki wima. Fika mahali ambapo mguu wa kushoto hauna kitu. Utajuaje? Inua kisigino cha kushoto. Kama mwili umecheza hata kidogo, kama bega limeruka au pumzi imekatika, mguu ule ulikuwa bado na uzito na wewe ulikuwa unajidanganya. Rudisha kisigino, mimina tena.

Wenyewe huita mguu uliojaa na mguu mtupu. Mguu ulio mtupu ndio pekee unaoruhusiwa kusogea. Ukilishika hilo umeshika kile mama yangu alichokikosa asubuhi ile: kuuweka mguu kwanza, kuusikia, kisha kuupa uzito. Watu wa Rungwe tunalijua tukivuka mto juu ya gogo lililolowa. Hakuna anayetupa mwili kwenye gogo. Unagusa, unasikiliza, ndipo unakwenda. Tai chi inachukua adabu hiyo ya kwenye gogo na kuifanya tabia ya kila hatua, hata ya kwenda jikoni.

Fanya mara kumi kila upande. Kisha weka mguu mmoja mbele, kisigino kikiwa hatua fupi kutoka vidole vya nyuma, na umimine mbele na nyuma. Ukienda mbele acha kama asilimia 70 ya uzito mguu wa mbele na 30 wa nyuma, usimalize yote. Goti la mbele lisipite ncha ya vidole, na lielekee vidole vinakoelekea, lisianguke ndani. Kosa hili la goti kuanguka ndani ndilo linalowafanya watu waseme tai chi iliwaharibu magoti. Mwombe mtoto akutazame kwa mbele akuambie. Watoto hawaoni aibu kukukosoa.

Hatua ya tatu: kutembea

Ukiona kisigino kinainuka bila mwili kucheza, anza kutembea. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya tano inatosha.

Mguu wa kulia umejaa, wa kushoto mtupu. Usogeze wa kushoto mbele na uguse chini kwa kisigino, bila uzito. Ungeweza kuurudisha? Kama huwezi, hatua ni ndefu mno. Laza unyayo, mimina uzito mpaka ile 70. Sasa unataka mguu wa nyuma uje mbele. Rudisha uzito nyuma kidogo, geuza vidole vya mguu wa mbele nje kama nusu ya pembe mraba, ndipo umimine mbele tena, wote safari hii, na mguu wa nyuma upite. Kule kurudi nyuma kidogo kuna walimu wasiokufanya. Mwenye magoti mazima ana hiari. Mwenye magoti yanayolia asigeuze kamwe mguu uliobeba uzito.

Angalia upana pia. Wanaoanza huweka miguu kwenye mstari mmoja, wanayumba kama mlevi wa wanzuki. Kaa juu ya reli mbili, usikae juu ya reli moja: kati ya kisigino na kisigino paachwe upana wa kiganja au zaidi, sehemu yote ya mwendo. Mkazi wa Mbeya aliyewahi kujaribu kutembea juu ya chuma kimoja cha TAZARA anajua nisemacho.

Halafu tembea kinyumenyume. Hapa ni vidole vinavyogusa kwanza, kisha unyayo, kisha uzito. Ni kugumu, na ndiko kunakofaa zaidi, kwa sababu wazee wengi huanguka wakirudi nyuma kufungua mlango au kumpisha mbuzi.

Hatua ya nne: miondoko minne tu

Mfululizo wa 24 utakuja. Wiki ya sita hadi ya kumi jifunze hii minne, kila mmoja peke yake, kulia na kushoto.

Kufungua. Miguu upana wa mabega. Mikono inapanda mbele hadi usawa wa mabega, viganja vikitazama chini, kama maji yanaiinua, unavuta pumzi. Inashuka hadi nyongani huku magoti yakikunjika kidogo, unatoa pumzi. Ndio mwondoko wa kwanza wa mfululizo, na siku ya homa ya mafua nafanya huu peke yake mara ishirini na kurudi kitandani.

Kutenganisha manyoya ya farasi. Shika mpira wa kufikirika mbele ya kifua, mkono wa kulia juu na wa kushoto chini, uzito ukiwa kulia. Piga hatua ya kushoto kwa kisigino. Unapomimina uzito, mikono inaachana: wa kushoto unapanda hadi usawa wa macho kiganja kikikutazama, wa kulia unashuka kando ya nyonga. Mikono isitangulie. Kiuno kinageuka, na mikono inafuata kama mikia ya kanga inavyofuata anayecheza.

Kumrudisha nyani. Huu ni wa kurudi nyuma. Mkono mmoja unapita sikioni na kusukuma mbele, mwingine unarudi nyongani, na mguu wa upande ule ule wa mkono unaorudi unakwenda nyuma kwa vidole. Mtu aliyewahi kulinda mahindi dhidi ya nyani atasema hivi sivyo wanavyofukuzwa, na nakubaliana naye. Anayerudi nyuma mbele ya nyani amekwisha poteza mahindi. Lakini jina ndilo hilo.

Mikono kama mawingu. Nimeuweka mwisho kwa sababu ndio niupendao. Unakwenda kando, si mbele. Mkono mmoja unapita mbele ya uso kutoka upande huu hadi ule, mwingine unapita mbele ya tumbo ukienda kinyume chake, na inapofika ukingoni inabadilishana, wa juu unashuka, wa chini unapanda. Kiuno ndicho kinachogeuka; pua iko sawa na mkono wa juu muda wote. Mguu wa kushoto unafungua kwenda kando, wa kulia unafuata na kutua sambamba, vidole vikitangulia kugusa. Usipande na kushuka: kichwa kitembee usawa mmoja. Julai, ukungu ukiburuzika ubavuni mwa Loleza, sihitaji video ya kunionyesha kasi inayotakiwa.

Mwenye uwezo aongeze jogoo wa dhahabu: kusimama mguu mmoja, goti la pili limepanda, mkono wa upande huo ukipanda pamoja nalo. Asimame karibu na ukuta au mgongo wa kiti kizito, na kiti cha plastiki hakihesabiki.

Hatua ya tano: kuunganisha, na suala la bando

Wiki ya kumi na moja na ya kumi na mbili unganisha minne hiyo bila kusimama katikati. Fungua, tenganisha mara tatu, rudi na nyani mara nne, mawingu mara tatu, kisha simama, kusanya mikono mbele ya kifua, ishushe. Usiondoke mbio. Sugua viganja, vifunike magoti, tembea uani kidogo.

Baada ya hapo tafuta mfululizo wote wa 24 wa mtindo wa Yang. Walimu huku kwetu ni wachache. Ukiwa mjini, uliza kwenye klabu za karate na kung fu, kwani huenda humo kuna anayeijua. Asipopatikana, video. Nunua bando mara moja, pakua video moja, baki nayo. Nilipoteza miezi nikirukia video mpya kila juma, kila mwalimu na mkono wake. Chagua inayomwonyesha mwalimu kwa mgongo, ili kulia kwake kuwe kulia kwako. Jifunze mwondoko mmoja kwa wiki, basi. Kabla ya nusu mwaka kutimia utakuwa umeumaliza. Mwondoko wa nyoka anayeshuka, ule wa kuchuchumaa mguu mmoja ukiwa umenyooshwa, mtu wa zaidi ya miaka 50 aufanye kwa kuinama nusu tu. Wale mabinti wa kwenye video hawana historia ya kubeba kuni kutoka msituni.

Kuna pia mtindo wa Sun, ulioanzishwa na Sun Lutang, wenye kusimama wima zaidi na hatua fupi. Mwenye magoti mabaya sana aanze na huo.

Kiasi gani, na ukikwama

Shirika la Afya Duniani hutaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya usawa wa mwili siku tatu au zaidi. Dakika 20 au 30 za tai chi siku tano, pamoja na kutembea kwenda sokoni Mwanjelwa na kurudi, zinakufikisha. Tafiti nilizotaja zilipima kuanzia wiki 12 kwenda mbele; ukiniambia baada ya siku tisa hujaona kitu, sitashangaa. Ukisafiri au ukiwa msibani, mimina uzito kulia na kushoto ukiwa umesimama kwenye foleni ya maji. Hakuna atakayejua.

Maumivu ya paja ya kesho yake ni ya kazi. Maumivu ndani ya goti, yanayochoma mahali pamoja, ni ya kosa: fupisha hatua, panda juu, pumzika siku mbili, mwombe mtu aliangalie goti lako. Kizunguzungu, kifua kubana, au ganzi ya upande mmoja si mambo ya kurekebisha uani. Hayo ni ya hospitali, siku hiyo hiyo.

Asiyeweza kusimama afanye akiwa ameketi. Kiti kigumu kisicho na magurudumu, nyayo zote chini, mgongo haujaegemea. Uzito unahamia kitako cha kulia, kisha cha kushoto, na mikono inafanya mawingu kama kawaida. Mama yangu tulimfanyisha hivi barazani miaka yake ya mwisho, akilalamika kwa Kinyakyusa kwamba namgeuza mtoto, na jioni akinikumbusha nikisahau.

Kujipima

Usijipime kwa uzuri wa mikono. Kila tarehe mosi fanya mambo mawili. Kwanza, kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, na uhesabu mara ngapi unasimama na kuketi ndani ya sekunde 30. Pili, ukiwa kando ya ukuta, inua mguu mmoja na uhesabu sekunde mpaka uguse chini au ushike ukuta, kisha mwingine. Andika nyuma ya kalenda. Mimi nilianza na sekunde 6 kulia na 3 kushoto, ambako niliwahi kuteguka kifundo nikicheza netiboli chuoni. Mwezi huu imeandikwa 31 kulia, 24 kushoto, na pembeni, kwa mwandiko wa mjukuu wangu aliyejipima naye: 58, kisha akaanguka akicheka.